Biashara ya Vifaa vya Wazazi: Mtaji Mdogo, Amana Kubwa

Katika kila kambi ya jeshi na kila laini ya polisi hapa Uganda, sauti mbili hazikosekani usiku: redio ya kantini, na kilio cha mtoto mchanga. Kantini imepata wenye biashara wengi, hata pengine hugombania wateja. Lakini mama wa yule mtoto hajapata hata mmoja wa kumhudumia. Akijifungua usiku, asubuhi hutafutiwa pamba na pamba haipo. Hutafutiwa beseni na beseni halipo. Mwishowe mumewe, au jirani ikiwa mume yuko kazini mbali, hupanda bodaboda mpaka mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ikaipita bei ya kitu kilichofuatwa.

Jambo hili huonekana dogo kwa sababu limezoeleka. Sisi hatulioni dogo. Tunaona ndani yake haja ya kweli ya watu, na penye haja ya kweli ya watu ndipo penye biashara ya halali. Kwa hiyo tunapenda kutoa shauri kwa ndugu zetu wanajeshi, askari polisi na askari magereza. Wake zetu, pamoja na askari wenzetu wanawake waliostaafu, waanzishe maduka madogo ya vifaa vya wazazi. Na sisi wenye mishahara tuwasaidie kupata mtaji, kisha tuiondoe mikono yetu katika sanduku la fedha. Sehemu ya kwanza ya shauri hili ni rahisi kukubalika. Sehemu ya pili ndiyo itakayotupa taabu, na kwa sababu hiyo ndiyo tutakayoikazia zaidi.

Mteja anayejulikana mapema

Mzazi, yaani mama aliyejifungua karibuni, si mteja wa kubahatisha. Muuza suruali hajui nani atanunua mwezi ujao. Lakini mimba huonekana, na miezi yake huhesabika. Mwanamke wa biashara mwenye macho anaweza kujua tangu Machi ni akina mama wangapi wa laini yake watakaojifungua Juni. Katika kazi yetu tunajua thamani ya taarifa kama hiyo: kamanda anayejua mapema idadi ya watu wake na siku ya safari hana udhuru wa kukosa chakula njiani.

Wateja wenyewe hawatakwisha leo wala kesho. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Uganda huzaa wastani wa watoto 5.2 katika maisha yake. Uchunguzi huo huo ulileta habari za kutia moyo: vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilishuka hadi 189 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 336 katika uchunguzi wa mwaka 2016. Hayo ni maendeleo makubwa. Walakini 189 si hesabu ya kujivunia mbele ya mume aliyebakia na kichanga mikononi. Isitoshe, hatari haimaliziki mtoto anapolia. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo hivyo, na uchafu huleta homa ya uzazi. Usafi wa siku za kwanza si anasa, ni ulinzi.

Serikali hutoa bure katika vituo vyake vya afya kile kifurushi ambacho watu wote hukiita mama kit: shuka la plastiki la kujifungulia, glavu, pamba, shashi, wembe, uzi wa kufungia kitovu na sabuni. Kikiwapo, mama hana haja ya kununua kingine, na muuzaji mwaminifu atamwambia hivyo. Lakini si kila siku kipo, na akina mama wengi wa nchi hii wamejifunza kwamba ni busara kwenda na chao. Aidha, kifurushi hicho kimetengenezwa kwa ajili ya saa ya kujifungua. Hakikutengenezwa kwa ajili ya siku arobaini zinazofuata, na hizo ndizo ndefu.

Haya isiyo na mahali pake

Tunajua kwamba baadhi yetu tutaona haya. Askari mwenye mabega mapana atauliza: vipi nitoe mshahara wangu kununulia taulo za wanawake, na wenzangu wanione nikishusha maboksi yake garini? Na ajibiwe kwa historia ya vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamba ilipokuwa haba, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza bandeji za majeruhi kwa nyuzi laini zitokanazo na miti, ambazo hunyonya damu vizuri kuliko pamba. Wauguzi wa hospitali za vita wakaanza kuzitumia kwa mahitaji yao wenyewe ya kila mwezi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, kampuni ilibaki na akiba kubwa ya nyuzi hizo, na mwaka 1920 ikaanza kuuza taulo za kike. Basi kitu anachokionea haya askari wetu kilizaliwa katika mahema ya majeruhi. Mtu aliyefundishwa kufunga jeraha la mwenzake bila kugeuza uso hana sababu ya kuugeuza mbele ya damu iliyomleta mwanawe duniani.

Viwekwe nini rafuni

Duka la namna hii halidai jengo. Sanduku moja la bati na rafu mbili safi zinatosha kuanzia. Kabla ya kununua kitu chochote, mwenye duka aende asubuhi moja kwa mkunga wa zahanati ya kambi, aketi, aulize: mama wanaofika hapa hukosa nini? Akimaliza huko, awaulize akina mama watano waliojifungua mwaka huu. Huo ndio upelelezi wa biashara, nao ni wa bure. Anayenunua bidhaa kabla ya kuuliza hununua kiza.

Kwa kawaida ataambiwa mambo yanayofanana. Kwanza ni kifurushi cha kwendea hospitali, kilichokwisha fungwa, ili mama asihangaike kukusanya vitu kimoja kimoja huku uchungu umemshika. Pili ni taulo kubwa za kike, maana damu ya uzazi hutoka kwa wiki kadhaa na taulo nyembamba za kila mwezi hazifai siku za mwanzo. Taulo za kitambaa zilizoshonwa vizuri nazo zina wanunuzi, kwa kuwa hudumu. Lakini muuzaji awaeleze wateja kwamba hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, wala hazifichwi chini ya kitanda zikauke kwa kuona haya. Kisha zifuate chupi za pamba, leso mbili tatu, beseni, miche ya sabuni isiyo na manukato makali, themosi ya maji ya moto, nepi za kitambaa, kofia na soksi za mtoto, na blanketi jepesi.

Chakula cha mzazi nacho kina nafasi yake. Unga safi wa wimbi kwa uji, karanga zilizosagwa na simsim ni vyakula vya nchi yetu wenyewe, havitoki ng'ambo, na mama anayenyonyesha anavihitaji. Mfuko wa kilo moja uliopimwa kwa haki, usiochanganywa na mchanga wala unga wa muhogo, utajipatia jina bila matangazo.

Yako pia mafuta ya shea. Mti wake humea kwa wingi katika Acholi, Lango, Teso na West Nile, na Waacholi huyaita mafuta hayo moo yaa. Shea ya pande zetu, ambayo wataalamu huiita nilotica, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Huyeyuka upesi mkononi na hulainisha ngozi iliyonyooka na kukauka kwa mimba. Askari aliyeko Gulu au Lira anaweza kumnunulia mkewe kwa jumla kutoka kwa vikundi vya akina mama wanaokamua. Lakini ayanunue kwa mtu anayemjua, kwa sababu wachanganyaji nao wapo. Mkoa uliopata taabu ya vita kwa miaka ishirini una haki ya kupata fedha za bidhaa yake.

Yasiyouzwa kamwe

Tumefika mahali pa hatari. Mzazi mgeni ana hofu, na mtu mwenye hofu hununua chochote anachoambiwa. Kwa hiyo duka la wazazi ni amana kabla ya kuwa biashara, na heshima yake itatokana na vitu linavyokataa kuviuza sawasawa na vile linavyoviuza.

Lisiuze dawa. Vidonge, sindano na dawa za kuzuia damu ni kazi ya wenye ujuzi na kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Lisiuze unga wala majivu ya kitovu. Wataalamu wanafundisha kwamba kitovu kiachwe kikavu na kisafi, isipokuwa mhudumu wa afya ameagiza dawa yake. Majani ya kuogeshea mtoto, ambayo Waganda huyaita kyogero, ni desturi ya wazee na hatukuja hapa kuitukana. Lakini muuzaji asiuze majani yaliyosagwa na mtu asiyemjua kutoka kichaka asichokijua, na akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe.

Lisiuze krimu za kung'arisha ngozi. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo hupita katika ngozi, hudhuru mafigo, na huweza kumfikia mtoto kwa njia ya maziwa ya mama. Kila kopo litakaloingia rafuni lichunguzwe kama lina maandishi ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na, kama limetengenezwa hapa nchini, ile alama ya Q ya Shirika la Viwango la Taifa.

Na lisishawishi mama yeyote kununua maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Tangu mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni dhidi ya kutangaza bidhaa hizo kwa akina mama, kwa sababu watoto wengi katika nchi maskini walikuwa wakifa kwa maziwa yaliyochanganywa na maji machafu. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto kwa miezi sita. Faida ya kopo moja isitushawishi kumwondolea mtoto chakula alichoandaliwa bure.

Zaidi ya hayo, muuzaji ajue dalili za kumpeleka mteja hospitali mara moja: damu inayolowesha taulo baada ya taulo, homa, kichwa kuuma sana au macho kuona giza, kifafa, na mtoto asiyetaka kunyonya. Siku hiyo asiuze kitu, aite gari. Awakumbushe pia wateja wake kurudi kliniki baada ya siku mbili au tatu, kisha katika wiki ya pili, na tena katika wiki ya sita. Mama aliyepona kwa sababu jirani yake alimwambia ukweli atalisemea duka hilo kila atakakohamia.

Hesabu na mtego wake

Askari akitenga shilingi 50,000 kila mwezi, katika miezi 10 amepata 500,000. Hizo zinatosha kuanzia. Anayetaka kukopa ana chama chake cha akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Lakini shauri letu ni kwamba mkopo uje kukuza duka lililokwisha simama, usije kulizaa. Duka lililozaliwa na deni hulia kabla ya kunyonya.

Tutoe mfano wa hesabu. Bei za kweli hutofautiana mji kwa mji, lakini njia ya kuhesabu ni moja. Mke wa sajini ana shilingi zake 500,000. Ananunua kwa jumla vitu vya vifurushi 20, kila kifurushi kikimgharimu 18,000, jumla 360,000. Mabeseni, sabuni na taulo za kuuza moja moja zinachukua 90,000. Shilingi 50,000 anaziweka kando kwa usafiri na dharura. Kila kifurushi anakiuza 23,000. Vikiisha vyote 20, amepokea shilingi 460,000.

Hapa ndipo penye mtego. Mume akiziona 460,000 katika simu ya mkewe, husema nyumba imebarikiwa, na pale pale hutafutwa mbuzi wa kuchinja. Kumbe katika fedha hizo, 360,000 si faida hata kidogo. Ni vifurushi 20 vingine vinavyosubiri kununuliwa. Faida ghafi ni 100,000. Toa 30,000 zilizokwenda katika usafiri na mifuko, zimebaki 70,000. Kati ya hizo, 35,000 zikuze mtaji, 20,000 ziende akiba, na 15,000 zitumike nyumbani. Haya yote yaandikwe siku ile ile katika daftari lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Sisi hatupokei bunduki bila kutia sahihi. Vipi tupokee fedha bila kuandika?

Nchi yetu imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwezi Agosti mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwaamuru Waasia waondoke nchini katika siku 90. Maelfu ya maduka yao yakagawiwa, na miongoni mwa waliopewa walikuwamo wanajeshi wengi na jamaa zao. Wananchi wakawaita matajiri hao wapya Mafuta Mingi. Wengi wao walizikuta rafu zimejaa, wakauza, wakala; hawakujua bidhaa ilinunuliwa bei gani, wala wapi pa kununua nyingine. Rafu zikabaki tupu, sabuni na sukari zikawa vitu vya kupanga foleni, na magendo ikawa ndiyo biashara ya nchi. Waliopewa maduka hayo hawakukosa nguvu, maana bunduki walikuwa nazo. Walichokosa ni daftari.

Cheo kibaki nje ya mlango

Sasa tuseme lile ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Adui mkubwa wa duka la kambini ni mteja mwenye cheo anayechukua kitu na kusema, "Nitalipa mwisho wa mwezi." Mke wa koplo atamwambia nini afande? Atamwambia nini bibi wa afande? Atatabasamu, ataandika deni, na mwisho wa mwezi hatathubutu kulidai. Madeni matano ya namna hiyo ni 115,000, yaani faida yote ya vifurushi 20 imekwisha, na mtaji umeguswa. Tendo hilo halina jina jingine isipokuwa unyang'anyi wenye heshima. Afande anayemheshimu askari wake na alipe taslimu mbele ya watu, ili walio chini yake wajifunze.

Na mume mwenye duka asijitoe katika lawama hii. Yeye ndiye wa kwanza kuchota. Leo elfu kumi za nauli, kesho elfu ishirini za mchango wa harusi ya rafiki, keshokutwa bia. Mkewe akiuliza, hujibu, "Si mtaji ni wangu?" Tunasema hapana. Mtaji uliokwisha kutolewa ni kama risasi zilizokwisha gawiwa: zina kazi yake na mwenye kuzijibia. Mume akitaka kitu dukani, akinunue.

Kwa wateja wasio na fedha mkononi, iko njia iliyo bora kuliko deni. Mama mjamzito afunguliwe ukurasa wake daftarini, awe analipa shilingi 2,000 kila wiki. Kifurushi cha 23,000 kitakuwa kimelipiwa katika wiki 12, na atakapofika mwezi wa nane wa mimba kitamngoja kikiwa na jina lake. Hapo mama anaweka akiba kabla ya haja, badala ya kukopa baada yake. Fedha hizo za akiba si za mwenye duka mpaka kifurushi kitoke. Naye azihifadhi kama mali ya mwingine. Askari aliye Somalia, ambako majeshi yetu yamekuwako tangu mwaka 2007, anaweza kumlipia mkewe kwa simu kutoka huko huko aliko, na akalala akijua kwamba siku ya uchungu haitakuta nyumba tupu.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watakaosema kwamba biashara kambini hudhoofisha nidhamu. Wasiwasi huo una msingi pale biashara inapofanywa na askari mwenyewe saa za kazi, au bila idhini. Lakini duka la mke, lenye kibali cha kamanda wa kambi, na lenye leseni ya halmashauri kama liko nje ya ua, halimtoi mtu kwenye zamu yake. Tena tuwe wakweli: kama duka la sabuni za watoto linadhoofisha nidhamu, kantini ya pombe inafanya nini?

Wengine watasema uhamisho hauachi biashara ikomae. Ni kweli kwamba amri ya kuhama haingojei mavuno. Lakini bidhaa hizi ni nyepesi, haziozi upesi, na hubebeka katika sanduku moja. Iliyo bora zaidi, wanawake wawili au watatu waungane. Mmoja akihama, wahesabu bidhaa zote, wampe sehemu yake, na ukabidhiano uandikwe na kutiwa sahihi kama ukabidhiano wa zamu. Duka libaki kambini, mtaji wake uende naye.

Wa tatu watasema faida ni ndogo. Ndiyo, ni ndogo; walakini hairudii mifuko ya familia zetu kama wezi warudiavyo nyumba ile ile. Faida ya kantini hutoka katika mshahara wa askari na huacha nyumba yake na njaa. Faida ya duka la mzazi hutokana na nauli ambayo mama huyo angeitupa njiani. Na zaidi ya hesabu, liko jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na hapendi kulitaja: kazi yetu ina siku ambayo mtu hutoka asirudi, na ina siku ya kustaafu kwa wale waliojaliwa kuifikia. Mke aliyezoea kununua, kuuza na kuandika, siku hizo hazimkuti mikono mitupu. Yule ambaye maisha yake yote alingoja bahasha ya mwisho wa mwezi, bahasha ikikoma, naye hukoma.

Wajibu wa viongozi

Makamanda wetu na wakuu wa polisi wa wilaya wanaweza kusaidia bila kutoa hata shilingi. Watenge chumba kidogo karibu na zahanati. Watoe kibali kwa masharti yaliyoandikwa. Mganga wa kambi apewe ruhusa ya kukagua rafu kila mwezi na kuondoa chochote kisichofaa. Nafasi zisiwe urithi wa wake za maofisa peke yao. Mke wa askari wa kawaida ndiye anayeihitaji zaidi, na ndiye anayewajua wateja kwa majina.

Ndugu zetu, hatuwaahidi utajiri. Tunawaonyesha biashara iliyo mlangoni mwetu, yenye wateja wasiokoma, inayoanza kwa mtaji ambao askari wa kawaida anaweza kuukusanya katika miezi 10, na inayomlinda mama katika siku alizo dhaifu kuliko zote. Kinachotakiwa kwetu ni vitu vitatu vyepesi kusema na vizito kutenda: tumpe mke mtaji, tumwachie daftari lake, na tukifika dukani kwake tupange mstari na kulipa kama watu wengine.